Herufi Zisizokata Tiketi

Karanga za mama Nyamizi huja zimefungwa gazeti,
na gazeti, nikibahatika, huwa ukurasa wa fumbo.
Nazila polepole, mafuta yasije yakafuta namba.

Saa nane usiku, stesheni ya Tabora.
Treni ya kutoka Dar imechelewa, haijasema kwa nini.
Nina kalamu ya kazini, nina kamusi isiyo na jalada
inayoanzia B. Kurasa za A mtu aliwashia jiko,
kwa hiyo sijui Kiingereza cha tufaha, cha hasira, wala cha jibu.

Miaka kumi na tisa nakagua tiketi.
Nimewatoa watu chini ya viti, chooni,
nyuma ya magunia ya mpunga,
mmoja ndani ya pipa la asali,
nyuki wakimdai hadi Urambo.
Basi nieleze mimi:
hii K iliyokaa mbele kwenye knife
imekata wapi tiketi?
Imejinyoosha daraja la kwanza, haisemi neno.
B imejificha ndani ya debt,
hata deni lina abiria asiyelipa!
Na P, mwizi mkubwa, imejibanza kwenye receipt,
yaani ndani ya risiti yenyewe.
Kwetu kila herufi hulipa, hutamkwa.
Akipanda ng'ombe,
hata kile kialama cha shingoni tunakitoza.

Ila fumbo nalipenda, maana ni reli.
Neno la kulala linatoka Kigoma,
la kusimama linashuka kutoka Mwanza,
yanapeana herufi moja hapa katikati
kama tunavyopeana mabehewa, gizani, kwa taa ya mkono.
Ukikosea moja, yameanguka yote mawili.

Msuka wa pointi hunicheka:
"Kapaya, uzungu unausomea uzeeni?"
Sijamjibu. Neno lenyewe lilikuwa kwenye A.

Ukweli ni Kalunde.
Binti yangu yuko chuo, Dodoma, mwaka wa pili,
na ujumbe wake siku hizi nusu unanipita.
Aliwahi kuniandikia kwamba rafiki yake amemwaga chai;
nikamtumia elfu tano wanunue nyingine.

Kisha ile Jumatano.
Nilimsimulia kisa cha mbuzi aliyekula tiketi ya padri.
Akajibu: Baba, I'm dead.
D ninayo. Nikafunua: mfu, marehemu, asiye na uhai.
Marehemu anaandikaje? Sikujiuliza.
Nilivuka reli tatu bila taa
nikamwamsha stesheni masta aniazime simu,
salio langu lilikuwa shilingi kumi na mbili.
Ikaita. Ikaita.
Akapokea akicheka, bado yuko kwa mbuzi.
"Baba jamani! Nimekufa kwa kucheka tu."
Nikaketi juu ya mizani ya mizigo.
Kilo sabini na moja, na mshale unatetemeka.
Na sisi je, hatuvunjiki mbavu
kisha asubuhi tukaenda kazini na mbavu zetu zote?

Tangu hapo fumbo si la kuua muda.

Usiku huu imebaki nafasi moja, ya kusimama, herufi nne.
Dokezo nimelifasiri kwa tabu:
Kuikosa treni; pia, kumtamani aliye mbali.
Nilidhani mchapaji amechanganya mawili.
Lakini wanaoikosa treni nawajua.
Hukimbia hadi jukwaa linapoishia,
husimama, mikono haijui pa kwenda.

Kamusi sikuifungua.
Kalunde hulisema kila anapotaka kukata simu,
nami miaka yote nikidhani ni Kiswahili:
nimekumisi, baba.

M. I. S.
Na S nyingine, nyuma kabisa,
haina kazi ninayoiona.
Nimeiacha ipande.